Picha za Kiangazi: Tuanzie Uani Kwetu



Somo letu la leo ni la picha. Si picha za kuchora, ni picha za kupiga kwa simu. Siku hizi simu yenye kamera imefika Buswahili, imefika Bunda, imefika mpaka ndani ya mitumbwi ya wavuvi. Nyumba nyingi, kama baba hana, kijana anayo. Lakini tukifungua picha zilizomo humo tunaona nini? Harusi. Kipaimara. Mtu amesimama wima, mkono kiunoni, mbele ya gari la mtu mwingine. Basi. Ukimwuliza, "Mbona hukupiga picha ya shamba lako?" atakujibu, "Ah, shamba lina nini cha kupiga picha?"

Hebu tuangalie lina nini.

Sasa ni kiangazi. Masika yamekwisha, vuli haijaja. Kazi ya jembe imepungua kidogo, lakini nyumbani hakuna aliyekaa bure. Pamba inachumwa. Mtama unapurwa na kupepetwa. Viazi vinakatwa vipande vya michembe. Mihogo inamenywa, inavundikwa, inaanikwa juu ya majabali mpaka inakuwa udaga. Kule ziwani dagaa wametandazwa wanang'aa kama bati jipya. Jioni ng'ombe wanarudi na vumbi linasimama nyuma yao, jua linapita katikati ya lile vumbi. Watalii hupita barabara kuu ya Mwanza na Musoma wakienda kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, wana kamera ndefu kama mtwangio. Wanatafuta simba. Haya ya uani kwetu wanayapita mbio, na sisi wenyewe tunayapita.

Tuseme habari moja ya jirani yetu. Alikuwa na bibi, mtu mzima sana, aliyejulikana kwa udaga mweupe. Kila kiangazi bibi alikaa juu ya jabali lake na kisu, anamenya mihogo, anatania wapita njia. Wajukuu walikuwa na simu tatu pale nyumbani. Bibi alipofariki ilitafutwa picha ya kuweka juu ya jeneza. Haikupatikana. Ikatolewa ile ya kadi ya mpiga kura, ndogo kama ukucha, bibi amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Ikakuzwa, ikazidi kuharibika. Baadaye mjukuu mmoja akaona katika simu yake picha aliyoipiga kwa bahati mbaya: mikono miwili, kisu, ganda la muhogo linaning'inia. Uso haumo. Lakini kila aliyeonyeshwa alisema, "Huyu ni bibi." Picha hiyo ndiyo iliyo ukutani mpaka leo.

Basi tusingoje msiba.

Jua ndilo fundi

Zamani mpiga picha alikuja kijijini na kamera ya filamu. Filamu moja ilikuwa na picha 24 au 36, na kila picha ilikuwa pesa. Ulisimama kama nguzo, ukazuia pumzi, kisha ukangoja wiki kadhaa filamu isafishwe mjini. Leo unaweza kupiga picha kumi ukafuta tisa. Usione haya kufuta.

Jambo la kwanza ni kufuta kioo cha kamera. Simu inakaa mfukoni pamoja na ugoro, karanga na vumbi. Kioo kikiwa na mafuta ya mkono, picha inatoka na ukungu, halafu mtu anasema simu ni mbovu. Chukua kitambaa safi na kikavu, si upindo wa shati lenye jasho.

La pili ni saa. Watu wengi hupiga picha saa sita au saa saba mchana kwa sababu kuna mwanga mwingi. Ni kweli upo, lakini jua hilo linatoka juu ya utosi. Macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi, na udaga juu ya jabali unakuwa doa jeupe tu lisilo na umbo. Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi na moja, jua linakuja kwa ubavu. Kila tuta linakuwa na kivuli chake. Kila kipande cha muhogo kinaonekana ni kipande. Kama ni lazima upige mchana, mwite mtu akae kivulini, chini ya mwembe au mlangoni, uso wake utazame nje kwenye mwanga. Mwenzake akishika kanga nyeupe au gunia jeupe mbele yake, usoni panapata nuru.

La tatu, sogea. Ukivuta picha kwa vidole inakuja karibu, ndiyo, lakini inachakaa. Miguu yako ndiyo ivute. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni, gusa kwenye kioo pale unapotaka paonekane vizuri, tulia, kisha piga. Na siyo lazima usimame. Chuchumaa. Kuku na vifaranga wake wakipigwa na mtu aliyesimama huonekana kama mbegu zilizomwagika. Ukishuka mpaka usawa wa macho yake, kumbe kuku ana uso, tena wa hasira.

Mjusi wa majabali

Tunataka kumtaja huyu kwa sababu kila mtoto wa Musoma amemrushia jiwe. Ni yule mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu, anayepiga pushapu juu ya jabali. Wataalamu wa wanyama wamempa jina la jirani zetu, wanamwita Agama mwanzae, yaani wa Mwanza. Rangi zile ni za dume. Jike ni wa kahawia tu, na ukimtafuta bila kujua utasema hayupo. Dume hung'aa zaidi jabali likishapata moto. Kwa hiyo huyu hatufai alfajiri, bado ana baridi na rangi imefifia. Njoo saa tatu, saa nne. Nenda polepole, usimkate kwa kivuli chako, kaa, ngoja. Atakimbia. Mngoje, atarudi, jabali ni lake. Ukija mbio utapata picha ya mkia.

Wapo na ndege wa manjano wanaosuka viota katika miti iliyo karibu na maji. Yapo mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani, yanayopaa juu ya Ziwa Victoria kama moshi wa meli inayoungua. Mgeni akiona picha hiyo hataamini kuwa ni wadudu. Yapo mafunjo ya bonde la Mto Mara. Lakini hapa tuseme wazi: kwenye mafunjo kuna mamba, na jioni, saa ile nzuri ya picha, ndiyo saa viboko wanapotoka kwenda malishoni. Usirudi kinyumenyume ukitazama kioo cha simu. Usiingie majini. Simama juu, palipo wazi, na mwenzako akiwa macho.

Picha inayomwambia bwana shamba

Kwa maoni yetu picha yenye faida kuliko zote ni ya jani linaloumwa. Tumekosea hapa sisi wenyewe, kwa hiyo tunajua. Tuliona mihogo imejikunja majani, tukapiga picha saa saba mchana tukiwa tumesimama njiani, tukaituma kwa bwana shamba. Akajibu neno moja: "Naona kichaka." Mpaka alipopata nafasi ya kuja mwenyewe, tulikuwa tumeshakata miti ya mbegu katika shamba lile lile na kuwagawia ndugu. Tuligawa ugonjwa.

Muhogo una magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni batobato. Hilo hutazamwa kwenye majani machanga, ya juu: jani lina mabaka ya kijani na njano, limejikunja, limekuwa dogo. La pili ni michirizi kahawia. Hilo ni la siri. Majani ya juu yanaweza kuwa mazuri kabisa. Utazame ya chini, yaliyokomaa, kama yana umanjano unaofuata mishipa, kisha ng'oa muhogo mmoja uukate katikati uone kama ndani pana kuoza kwa rangi ya kahawia. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, wadogo sana, wanaokaa chini ya jani, na huenezwa pia na sisi tunapopanda miti ya mbegu iliyougua.

Kwa hiyo picha moja haitoshi. Piga ya shamba zima, ili aone ni mashina mangapi. Piga ya shina moja kuanzia juu mpaka chini. Piga ya jani, upande wa juu na upande wa chini, jua likiwa nyuma yako. Piga ya muhogo uliokatwa. Weka kiberiti kando, ajue ukubwa. Ipo programu ya simu inayoitwa PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na FAO na wataalamu wa IITA. Ilifanywa ili mkulima aelekeze kamera kwenye jani la muhogo, naye aambiwe ni ugonjwa gani, kwa Kiswahili, hata mahali pasipo na mtandao. Lakini hata hiyo haiwezi kusoma picha ya kichaka.

Na kwenye mahindi ya bustani za bondeni, tafuta kiwavi. Viwavijeshi vamizi walithibitishwa kuingia Tanzania mwaka 2017. Utamjua kwa kusoma, ndiyo, kusoma: usoni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwa chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mtoe ndani ya jani, mweke juu ya karatasi nyeupe, piga picha. Kuku atapata mabaki.

Mto siku ya kawaida

Mwezi wa Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa daraja la Kirumi, yaligeuka kuwa meusi na samaki wakafa. Picha zilizopigwa kwa simu zilizunguka nchi nzima. Serikali iliunda kamati, na kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengine hawakuridhika. Ubishi ulikuwa mkali, na mmoja wetu akauliza: kwani miaka mingine mwezi kama huu maji huwa ya rangi gani? Huyu akasema ya udongo, yule akasema hata zamani huwa meusi. Tukatazama katika simu zetu. Picha za maji meusi zilikuwapo nyingi. Ya mto siku ya kawaida, hata moja hatukuwa nayo.

Tangu hapo wako wanaopiga picha ya mto kila mwisho wa mwezi, mahali pale pale, wakisimama kwenye jiwe lile lile. Ni picha isiyo na uzuri wowote. Unaweza kufanya hivyo kwa kisima chako, kwa lambo, kwa korongo linalokula shamba lako kila mvua. Hakikisha tu simu imewekwa tarehe sawasawa.

Kabla ya kupiga

Mtu aombwe. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukipepeta." Akikataa, amekataa. Wazee wengine wanataka kwanza kuvaa nguo nzuri, na hapo ile picha ya kazi inapotea. Mpige na nguo nzuri kwanza, afurahi, kisha mwambie aendelee na kazi. Mtazame mikononi. Watoto wanaooga wasipigwe. Aliye na msiba asipigwe bila ruhusa ya wenyewe. Na ukishapiga, mwonyeshe. Mtu akijiona vizuri atakuita mwenyewe kesho.

Simu huanguka majini, huibiwa, hujaa. Picha unazozipenda zikatolewe kwenye karatasi, Musoma au Bunda, hata mbili tu kwa mwaka. Nyuma ya karatasi, kwa kalamu, usikandamize sana, andika: nani, anafanya nini, wapi, tarehe gani. Tumeona masanduku ya wazee yana picha nzuri za watu ambao hakuna tena anayejua majina yao. Kuandika tunajua. Tuandike.

Zoezi la wiki hii

Chagua kitu kimoja kilichopo uani: kinu, ungo, jabali la kuanikia, mti wa kivuli. Kipige picha saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, ukiwa umesimama mahali pale pale. Kaa na mwenzako mzitazame zote tatu. Kila mmoja aandike sentensi mbili: ipi ameipenda, na kuna nini ndani yake ambacho hakukiona siku zote alipokuwa akipita hapo.