Dondoo muhimu: Krosova ya spika za kujitengenezea

Twita ya ohmu 8 ikipewa kapasita ya mikrofaradi 6.8, mpaka wake wa masafa unakaa kwenye hezi 2,900 hivi. Ukiweka ya ohmu 4 bila kugusa kapasita, mpaka unaruka hadi karibu 5,900, na sauti ya mwimbaji inabaki na pengo. Kapasita iwe isiyo na chanya wala hasi; ile uliyoichomoa kwenye redio mbovu, iache. Koili mbili za krosova zisilaliane: moja isimamishe, nyingine ilaze.

Sauti inatoka kama ya mtungini? Geuza nyaya za twita tu, usikilize tena. Twita iko kimya? Chomoa waya wake mmoja, pima kwa mita: ya ohmu 8 kwa kawaida husoma kama 6. Isiposoma kitu, imeungua.