Tumbo Likijaa Gesi: Tangawizi, Mnanaa au Kitunguu Saumu?

Umekula maharage mchana; jioni tumbo limevimba na linanguruma. Huyu anakushauri tangawizi, yule bizari nyembamba, mwingine kitunguu saumu. Wote wanakutakia heri, lakini dawa hizi hazilingani kwa nguvu, na mojawapo inaweza kukuzidishia tatizo.

Jua gesi yako inatoka wapi

Gesi ya juu, ile unayoicheua, kwa kawaida ni hewa uliyomeza kwa kula haraka au kunywa soda. Gesi ya chini hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wanapochachusha sukari ambazo utumbo mwembamba umeshindwa kuzisaga. Sukari hizo zimo kwa wingi kwenye maharage, kunde na kabichi. Maziwa nayo huwasumbua watu wazima wengi, kwa sababu miili yao haisagi vizuri sukari yake.

Tangawizi: kwa tumbo zito baada ya kula

Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2008 uliwapa watu 24 wenye afya gramu 1.2 za tangawizi kabla ya supu. Nusu ya supu ilitoka tumboni kwa takriban dakika 13, badala ya 27 walipopewa dawa bandia. Mwaka 2011, utafiti kama huo kwa wagonjwa 11 wenye tatizo la kusaga chakula ulionyesha tena kwamba tumbo linatoa chakula haraka, ila dalili zao hazikupungua. Basi ijaribu unapohisi kushiba kupita kiasi, lakini usiitegemee kumaliza gesi ya maharage. Ponda kipande kidogo, chemsha kwa dakika 10, unywe kikombe kimoja.

Mnanaa: kwa msokoto wa tumbo

Mentoli iliyomo kwenye mnanaa hulegeza misuli ya utumbo. Mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2021 unapendekeza mafuta ya mnanaa kwa wenye ugonjwa wa utumbo unaokereketa, ingawa unakiri kuwa ushahidi bado ni hafifu. Tafiti nyingi zilitumia vidonge vya mafuta hayo, si chai. Chai ni laini zaidi, nayo unaweza kuijaribu. Mwenye kiungulia aiepuke, kwani mnanaa huweza kukizidisha.

Shamari na bizari nyembamba

Tafiti kuhusu mbegu hizi mbili ni chache na ndogo. Kwa kiasi cha jikoni hazina madhara kwa watu wengi: ponda kijiko kimoja cha chai cha mbegu, mwagia maji ya moto, funika kwa dakika 10.

Kitunguu saumu: kipunguze

Kina fruktani, mojawapo ya sukari zile zile zinazochachushwa utumboni. Ukikitafuna kutibu gesi, huenda unawalisha bakteria wanaoitengeneza.

Anzia kwenye sufuria

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka na maji uliyomwaga. Kula taratibu na punguza soda.

Jaribu dawa moja tu kwa wiki, ukiandika ulichokula na ulivyojisikia. Ukichanganya tano kwa pamoja, hutajua iliyokufaa.

Mipaka ya dawa za jikoni

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu. Usimnyweshe mchemsho wowote. Ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda au ukiwa mjamzito, muulize daktari kwanza.

Nenda hospitali ukiona damu au choo cheusi, ukikonda bila sababu, au dalili zikidumu wiki kadhaa. Tumbo likivimba kwa maumivu makali, unatapika, hupati choo wala hutoi upepo, usichemshe kitu: wahi hospitali saa hiyo hiyo.