MOTOKAA INAYOTETEMEKA IKIKANYAGWA MAFUTA
Jinsi ya kuutafuta ugonjwa wake kabla ya kununua vipuri

Njia kuu ya kutoka Malindi kwenda Mombasa ina urefu wa kilometa 120 hivi, nayo hupita Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, hata kufika Kilifi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivushwa hori kwa feri, na dereva aliyekuwa akingojea zamu yake alipata nafasi ya kufunua boneti na kuitazama injini. Siku hizi hapana kungojea. Magari hufuatana mbio, na mwenye kutaka kulipita lori hupata nafasi fupi tu.

Hebu afikiriwe dereva wa pikapu iliyopakia maembe. Ameona njia i wazi, akatoka nyuma ya lori na kukanyaga mafuta. Badala ya kwenda mbele kwa nguvu, motokaa yatetemeka, yashikwa na kwikwi, wala mwendo hauzidi. Na kule mbele basi laja. Akiwa na busara ataondoa mguu na kurudi nyuma ya lori. Akiwa na ukaidi, pengine hatafika.

Kesho yake dereva huyo aenda kwa fundi. Fundi, pasipo kupima lo lote, abadili plagi, kwikwi ipo. Abadili pampu ya petroli, kwikwi ipo. Fedha za maembe zimekwisha, na ugonjwa haujajulikana. Kosa lao ni moja: wameudhania mtetemeko kuwa ni ugonjwa, kumbe ni dalili tu. Mtetemeko wa motokaa ni kama homa ya mtu. Haina dawa moja, na mganga mwema huuliza na kupima kwanza.

SABABU YA KUTETEMEKA

Injini ya petroli huhitaji vitu vitatu: hewa, petroli, na cheche ya moto kwa wakati wake. Katika injini ya kawaida inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 katika sekunde moja. Silinda moja ikikosa kuwaka, nguvu hukatika na dereva huona mshtuko. Mafundi husema injini “inamisi.”

Mguu ukiwa mwepesi, silinda huingiza hewa na petroli kidogo, na hata cheche dhaifu huweza kuziwasha. Mafuta yakikanyagwa, silinda hujaa na mgandamizo huzidi. Ndipo umeme unapotaka nguvu zaidi ili kuruka ule mwanya mdogo ulio katika ncha ya plagi. Cheche dhaifu hushindwa. Vilevile chujio la petroli lililoziba nusu, ambalo lilitosha kwa mwendo wa polepole, sasa halitoshi. Ndiyo maana motokaa yaweza kunguruma vizuri mbele ya gereji, kisha ikashindwa kupanda vilima vya Kaloleni ikiwa na mzigo.

KWANZA IJULIKANE KAMA NI INJINI

Motokaa isimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, gia iwekwe huru, kisha injini iongezwe mwendo taratibu. Ikitetemeka na kukatakata hata hapo, ubovu u katika injini. Ikiwa laini, shauri halijakwisha, maana injini isiyo na mzigo huweza kuficha ubovu wake; hapana budi kuijaribu njiani.

Ikitetemeka wakati wa kuachia klachi tu, kisha ikatulia, klachi itazamwe. Ikitetemeka kwa mwendo fulani, hata mguu ukiondolewa katika mafuta, magurudumu na shafti zitazamwe. Ikigonga kwa kishindo kila mafuta yakanyagwapo, huenda raba zinazobeba injini zimekatika. Lakini nguvu ikipungua pamoja na mtetemeko, basi itafutwe cheche, petroli au hewa.

CHECHE

Injini ikiisha kupoa, plagi zifunguliwe moja moja na kupangwa kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Yenye masizi makavu meusi yaonyesha petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Iliyoloa oili yaonyesha oili inapenya ndani ya silinda. Nyeupe sana yaonyesha joto limezidi, na pengine petroli ni chache.

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na huota kutu katika viungo vya nyaya. Motokaa inayotetemeka asubuhi baada ya mvua ya masika, kisha ikatulia ikipata moto, yafaa kushukiwa nyaya au koili zilizopasuka. Boneti ikifunuliwa gizani, injini ikiwa inawaka, pengine cheche za buluu huonekana zikikimbia juu ya waya mbovu. Mtu atazame tu, asiguse, kwa kuwa umeme huo ni wa maelfu ya volti.

Motokaa nyingi za sasa zina koili moja kwa kila silinda. Injini ikiwa imezimwa, koili inayoshukiwa ihamishiwe silinda nyingine. Ubovu ukiifuata, mwizi amekamatwa, wala hapana haja ya kununua koili zote nne.

PETROLI NA HEWA

Dereva ajiulize: Je, mtetemeko ulianza baada ya kujaza petroli? Maji katika tangi, vumbi la madebe, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huweza kuleta kwikwi. Uchanganyaji huo ulipozidi, Serikali ya Kenya mwaka 2018 ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasipate faida. Basi inafaa kununua petroli katika kituo kinachoaminika, na kubadili chujio kwa wakati wake. Mwenye kufungua mifereji ya petroli asivute sigara, wala asifanye kazi hiyo injini ikiwa na moto.

Kwa hewa, chujio lake litazamwe kwanza, hasa kwa magari ya njia za vumbi. Kisha itazamwe mipira ya hewa iliyopasuka, maana hewa ya wizi huiharibu hesabu ya petroli.

TAA YA INJINI

Motokaa za sasa huandika makosa yake katika kompyuta, na fundi mwenye kipimo huyasoma. P0301 maana yake silinda ya kwanza haiwaki sawasawa. P0302 ni ya pili. P0300 ni silinda zaidi ya moja, au isiyojulikana. Namba hizo huonyesha mahali pa kutafuta, si kipuri cha kununua. Taa ikimetameta, dereva apunguze mwendo na kusimama mahali pa salama, kwani petroli isiyowaka huunguzwa ndani ya ekzosi na kukiharibu kichujio cha moshi, ambacho bei yake ni kubwa.

Kwa hiyo mwenye motokaa aandike katika daftari: hutetemeka ikiwa baridi au moto, baada ya mvua au baada ya kujaza petroli, kwa mzigo au bila mzigo. Fundi aliyepewa habari hizo ataanza na vitu rahisi, yaani plagi, nyaya na machujio, kabla ya vitu vya ghali. Na mpaka ubovu upatikane, dereva asijaribu kulipita gari lo lote. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye kuona mawingu haaniki mpunga.