Dawa ya Pili Juu ya Dawa ya Kwanza

Kazi za ini tunazifundisha kila mwaka katika somo la Biolojia, na wanafunzi wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huzisahau. Safari hii napenda kuieleza kazi moja ya ini kwa jambo linalotokea majumbani mwetu, yaani habari ya mgonjwa wa sonona ambaye dawa moja haikumsaidia, akafikiri kuongeza ya pili.

Sonona ni ugonjwa, wala si huzuni ya kawaida. Mtu hukaa majuma mawili au zaidi bila kufurahia lo lote. Usingizi humpotea au humzidi, chakula hakimpendezi, kazi aliyoizoea yamshinda, na wengine hufika hata kuona heri wafe. Kwetu husemwa kwamba mtu huyo ana mawazo mengi. Wako wasemao amelogwa, na wako wasemao ni mvivu. Nami nadhani neno hilo la uvivu limewaumiza wagonjwa kuliko lile la uchawi.

Dawa zake zilipatikana kama kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya iitwayo iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 1957 Daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kazi ya imipramini, na ndugu yake, amitriptilini, ikafuata miaka michache baadaye. Fluoksetini iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Amitriptilini na fluoksetini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, nazo ndizo nitakazozitaja zaidi.

Je, dawa moja hutosha? Mara nyingi haitoshi. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2006, wagonjwa wapata 4,000 walianza na dawa moja, na waliopona kabisa kwa dawa hiyo walikuwa kama 3 katika kila 10. Kwa hiyo mgonjwa ambaye dawa ya kwanza haikumfaa asidhani kwamba amelaaniwa. Wenzake ni wengi.

Lakini kabla ya kusema dawa imeshindwa, hapana budi kuuliza. Je, imemezwa kila siku? Dawa hizi hazifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Huchukua majuma manne hadi sita, na wengi huziacha katika juma la pili, maana madhara hutangulia na faida huja nyuma. Je, kipimo kimefika kile alichokikusudia daktari, au mgonjwa bado yu katika kile kidogo cha kuanzia? Tena, je, anameza dawa nyingine? Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulichochea ini kuongeza vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo huiondoa amitriptilini upesi mno. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kumeza vidonge vyake kwa uaminifu asione nafuu.

Sasa nije kwenye ini lenyewe. Mzazi mmoja aliniuliza kama mtu anayetumia fluoksetini aweza kuongeza amitriptilini ya jirani, kwa kuwa zote mbili ni za ugonjwa uleule. Sisi watu wa Chimala tunaishi kando ya mashamba ya mpunga ya Usangu, nasi twalijua banio. Maji yakiingia katika jaruba, hapana budi yawe na njia ya kutokea. Funga njia hiyo, kisha endelea kufungulia maji kwa kiasi kilekile cha jana. Kesho utakuta tuta limebomoka, ingawa hukuongeza hata ndoo moja. Ndivyo ilivyo kwa dawa hizi. Amitriptilini huondolewa mwilini kwa msaada wa vimeng'enya vya ini, na fluoksetini hukizuia kimoja katika vile vikubwa. Kidonge ni kilekile, bali kiasi kilichomo katika damu huweza kupanda mara mbili na zaidi. Mgonjwa hukaukwa kinywa, huona kizunguzungu, mkojo huziba, na lililo baya zaidi, moyo huweza kupiga bila mpango.

Wala haitoshi kuacha fluoksetini leo na kuanza ile nyingine kesho. Fluoksetini huondoka polepole sana, na hukaa mwilini kwa majuma kadhaa, hivyo njia ya maji bado imefungwa ingawa mgonjwa anadhani amekwisha badilisha dawa. Kuna hatari nyingine tena. Dawa hizi huongeza kemikali ya ubongo iitwayo serotonini. Zikikutana, au fluoksetini ikikutana na tramadoli ya maumivu, serotonini huweza kuzidi. Mtu hutetemeka, hutoka jasho, joto hupanda, moyo humwenda mbio, na akili huchafuka. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hiyo nilimjibu mzazi yule kwamba asithubutu. Hata hivyo si kweli kwamba dawa mbili hazichanganywi kamwe. Madaktari bingwa huongeza lithiamu juu ya dawa ya kwanza na kupima damu mara kwa mara, au huongeza mirtazapini. Mwaka 2022 watafiti walikusanya majaribio 39 yenye wagonjwa 6,751, wakaona kwamba kwa jumla dawa mbili zilisaidia kuliko moja. Lakini katika jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2018, wagonjwa 480 walioshindwa na dawa ya kwanza waligawanywa. Wengine waliongezewa mirtazapini, wengine kidonge kisicho na dawa. Tofauti ilikuwa ndogo, na waliopewa dawa walipata madhara zaidi. Basi mabingwa wenyewe hawajakubaliana katika yote.

Wala nyongeza si lazima iwe kidonge. Huko Uganda, katika nusu ya vijiji 30 vilivyochunguzwa vya Masaka na Rakai, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila juma kwa majuma 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao, wakiongozwa na watu wa palepale waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: walipata nafuu kubwa mno kuliko vijiji visivyokuwa na vikundi.

Mgonjwa wa hapa aanze kwa daktari wa hospitali ya misheni Chimala au ya wilaya kule Rujewa, ambaye aweza kumpeleka Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Achukue pakiti zote za dawa anazomeza, pamoja na za kifua kikuu na za maumivu, wala asiache dawa ghafla akingojea siku ya kuonana na daktari. Akisema anataka kufa, asingoje siku hiyo. Apelekwe leo, asiachwe peke yake, na dawa zake azishike mtu mwingine wa nyumbani.