Somo la Lugha: Kumshukuru Rafiki wa Karibu

Leo tuweke pembeni mambo ya viza na ada, tujifunze jambo ambalo wengi wetu tunadhani tunalijua tangu utoto: kusema asante.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili nilishikwa na kidole tumbo usiku wa manane. Rafiki yangu Mchina, tunayesoma naye darasa moja, ndiye aliyenipeleka hospitali. Si mnajua utaratibu wa huku, unaweka pesa kwanza ndipo unalazwa. Alitoa yuan 3,000 mfukoni mwake, akalala kwenye kiti siku mbili, na kila asubuhi akaniletea uji wa mchele. Nilipopona nikawa namwambia xiexie kila anapogeuka. Mwisho nikampa bahasha yenye yuan 3,200. Jioni akarudi na zile 200, akaziweka mezani, akasema neno moja tu, "Jianwai," akaondoka. Wiki nzima salamu zikawa za mbali. Jamani! Mimi nilidhani namshukuru, kumbe namfukuza.

Jianwai (tamka jien-wai) ni kumwona mwenzako kama mtu wa nje. Somo letu linaanzia hapo.

1. Asante na xiexie si mapacha

Asante yetu, ambayo ndugu zetu wa Kongo huiita aksanti, imetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni "umefanya vyema". Ni sifa kwa aliyetenda. Ndiyo maana nyumbani mama akikupakulia chakula unasema asante, naye anafurahi. Xiexie ni neno zuri pia, linamfaa muuza duka, mwalimu, au mtu msiyezoeana. Lakini kwa rafiki wa ndani, likizidi linajenga ukuta.

Sikiliza jinsi Wachina wanavyolijibu: bu keqi (tamka bu ke-chi). Hiyo ke ni "mgeni". Yaani anakwambia usijifanye mgeni. Sisi tunajibu "karibu". Mmoja anasema sogea, mwingine anasema acha ugeni, lakini wote wanakuita ndani. Na wahenga wetu walishasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Rafiki yangu alishanipa jembe zamani, mimi bado nimekaa sebuleni nangoja chai.

2. Mitaani kuna asante mbili

Darasani tunafundishwa Kimandarini, ila wenyeji wa Guangzhou wana Kikantoni chao, na humo asante ziko mbili. M-goi ni ya huduma: umefunguliwa mlango, umeletewa chai, umepishwa njia. Do-je ni ya zawadi: umepewa kitu, au umealikwa chakula na mwenzako akalipa. Rafiki akikupa zawadi ya siku ya kuzaliwa halafu ukamwambia m-goi, umemgeuza mhudumu wa mgahawa.

Ipo pia asante isiyo na sauti. Mkiwa mezani, mwenzako akikujazia kikombe cha chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Hadithi ya wenyeji inasema mfalme Qianlong, aliyetawala kuanzia 1735 hadi 1796, alisafiri kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi angepiga magoti, siri ingefichuka. Basi akakunja vidole vyake, vikapiga magoti badala yake. Hata ikiwa ni hadithi tu, mazoea yenyewe utayaona kila siku.

3. Sasa kwa rafiki wa karibu tuseme nini?

Haya matatu yanatosha:

Xinku le (shin-ku le): "umetaabika". Hii ni "pole na kazi" yetu kabisa. Wazungu wengi hawana neno hili, sisi na Wachina tunalo.

Mafan ni le: "nimekusumbua". Ni ya adabu, usiizidishe.

Duokui ni (duo-kuei ni): "bila wewe ningekwama". Hili ni zito. Liseme mara moja tu, ukiwa umetulia, ukitaja hasa alichokufanyia. "Nilipokuwa nimelazwa ulilala kwenye kiti" ni maneno yenye uzito kuliko xiexie hamsini.

4. Vitendo

Deni ni deni, lilipe lote, yuan kwa yuan, bila nyongeza. Fadhila haina risiti. Irudishe kidogo kidogo kwa zamu: leo amelipa yeye, kesho wewe, na jiandae kugombania bili. Zawadi itoe kwa mikono miwili kama nyumbani, na asipoifungua mbele yako usinune, ndiyo adabu yao. Usimpe saa ya ukutani, maana kwa Kichina "kutoa saa" kunasikika sawa na kumhudumia mtu anayekata roho hadi mazishi. Mwavuli nao unasikika kama kutawanyika. Mpe majani ya chai au kahawa ya kwenu.

Mtauliza, mwenzetu ulijinasua vipi? Nilimwita chumbani, nikapika pilau. Nikamwambia duokui ni, nikamtajia kile kiti na ule uji. Hakujibu kitu, akaendelea kula. Alipomaliza akachungulia sufuria, akauliza kama ukoko upo. Kumbe na wao wanaupenda! Nikajua yamekwisha. Mgeni haombi ukoko.

Zoezi la mwezi huu: kila mmoja wetu ana mtu aliyemshika mkono alipofika hapa, Mchina, Mwafrika au mwingine yeyote. Wengi wetu tunamaliza masomo, tunafunga mabegi, tunakimbilia Baiyun kupanda ndege, na neno lile la kutulia hatukulisema. Tusingoje siku ya uwanja wa ndege. Mtafute wiki hii, umwambie alichokufanyia.

Kazi kwenu. Tuonane toleo lijalo.