SOMO LA KIINGEREZA: BARUA YA MFUGAJI

Tuseme mfugaji wa Oltepesi, upande wa Kajiado, ana ng'ombe aliyeanza kuugua siku tatu zilizopita, na hata leo hajapona. Amwita mwanawe aliye shuleni, amwambia amwandikie daktari wa mifugo. Kijana aandika: "My cow was sick for three days."

Daktari akisoma maneno hayo atafahamu kwamba ugonjwa ulidumu siku tatu, kisha ukaisha. Ataona hapana haja ya haraka, na huku mnyama anazidi kudhoofika. Ilipasa kuandikwa: "My cow has been sick for three days," yaani aliugua na hata sasa ni mgonjwa. Kosa hili si la uvivu. Kwa Kiswahili twasema "Nakaa Oltepesi tangu utoto", Mwingereza hasemi hivyo, husema "I have lived at Oltepesi since childhood."

Namna ya kuunda ni nyepesi: "have" kwa "I, you, we, they", na "has" kwa "he, she, it", kisha kitendo katika umbo lake la tatu. Katika "go, went, gone" la tatu ni "gone". Basi "He has went" ni kosa, ingawa husikika sana.

Mara nyingi "have" hulingana na "-me-" yetu, na wakati uliopita hulingana na "-li-". "Mvua imenyesha" ni "It has rained". Ardhi ingali mbichi. Lakini siku au mwaka ukitajwa, "have" huondoka: "It rained yesterday." Karibu na Oltepesi kuna Olorgesailie, penye mashoka ya mawe ya watu wa kale. Husemwa "Scientists have found many stone axes there", bila mwaka. Lakini "Louis and Mary Leakey worked there in 1943", kwa kuwa mwaka umetajwa.

Mwanafunzi asiiamini "-me-" kila mahali. "Nimechoka" ni "I am tired". "Amelala" ni "He is asleep". Na kijana yule akitaka kumwarifu daktari kwamba ng'ombe amesimama, asiandike "has stood", bali "The cow is standing", kisha aongeze, "but she has not eaten since Monday."