Kabla Ramani Haijachorwa: Maswali Kuhusu Mkataba wa Mteja na Mbunifu Majengo

Ofisi ndogo za wabunifu majengo nchini Tanzania hupata wateja wengi kwa kujuana: ndugu, jirani, mwenzako wa msikitini au kanisani. Kujuana huko huwafanya mteja na mbunifu waone haya kutaja fedha na masharti mapema, na migogoro mingi huanzia hapo. Majibu haya ni ya mwenye kiwanja na ya mwenye ofisi pia.

Tulikubaliana kwa mdomo tu. Je, tuna mkataba?
Mara nyingi mnao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya hiari hata yasiyoandikwa, ila kuyathibitisha ni kazi ngumu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua pia makubaliano yaliyofanyika kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo msifute barua pepe wala ujumbe wa simu.

Ni lazima uandikwe na wakili?
Hapana. Kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zenye saini za wote wawili, zinatosha kwa nyumba ya kawaida. Kwa jengo kubwa au la wabia kadhaa, wakili ni msaada mzuri.

Kitu gani kisikosekane?
Wigo wa kazi, yaani orodha ya kile mbunifu atakachofanya na kile asichofanya. Watu wengi wakisikia "ramani" hudhani imejumuisha kila kitu. Michoro ya mhandisi wa nondo na zege, makadirio ya gharama, upimaji wa udongo na ufuatiliaji wa kibali cha ujenzi halmashauri ni kazi tofauti, na mara nyingine hufanywa na watu tofauti. Kila moja iandikwe: imo au haimo, na nani anailipia.

Ada ilipwe vipi?
Salama zaidi ni kulipa kwa hatua: malipo ya awali, kisha baada ya mchoro wa awali kukubaliwa, kisha baada ya michoro ya kibali, na mwisho michoro ya ujenzi. Ukiacha malipo ya awali, mteja hamlipi mtu kazi ambayo hajaiona, na ofisi haifanyi kazi ya miezi bila kipato. Kila malipo yadaiwe risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki.

Mteja akibadili mawazo?
Ni haki yake, lakini mabadiliko ni kazi. Andikeni marekebisho mangapi yamo ndani ya ada na yanayozidi yatalipiwaje. Chumba kikiongezwa baada ya mhandisi kumaliza hesabu zake, naye hurudi mezani. Ofisi isianze kuchora upya kabla mteja hajakubali gharama kwa maandishi.

Nimelipia ramani. Naweza kuijengea popote?
Wengi huamini hivyo, na si ajabu, kwa kuwa fedha zimetoka mfukoni mwao. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za ubunifu wa majengo. Mkataba useme kama ramani ni ya jengo moja au zaidi. Usalama nao unahusika: msingi uliopangiwa udongo mgumu unaweza kushindwa kwenye kiwanja cha udongo wa mfinyanzi.

Mbunifu atakuwa eneo la ujenzi kila siku?
Kwa kawaida hapana. Hufanya ukaguzi wa vipindi; usimamizi wa kila siku ni wa mkandarasi. Idadi ya safari na nauli yake viandikwe.

Kwa nini kampuni niliyoichorea imekata sehemu ya ada?
Hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya ada ya huduma za kitaalamu, inayokatwa na mteja na kupelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Ofisi idai hati ya makato hayo, kwani huhesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka.

Tukishindwana?
Mkataba uweke muda wa notisi, malipo ya hatua iliyokwisha, na njia ya usuluhishi kabla ya mahakama. Kipengele hiki kinahitajika hata kati ya ndugu.

Nitajuaje kama mbunifu amesajiliwa?
Wabunifu majengo na kampuni zao husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB. Omba namba ya usajili na uihakiki kwenye Bodi kabla ya kutoa malipo ya kwanza.